Mzee mkono umekufa dakika kumi ukarudi, nimpeleke hospitali au nimuache?

Mwana_Ujiji: Wakuu habari za asubuhi. Leo baada ya swala ya alfajiri mzee wangu, ana miaka 61, yupo barazani na kahawa yake kama siku zote, mara kikombe kikamponyoka mkono wa kulia, anataka kukiokota vidole havishiki, namuuliza baba vipi ananijibu kilevilevi na mdomo umeenda upande. Dakika kumi hivi akawa mzima, kaomba kahawa nyingine kabisa! Sasa nikisema twende hospitali anasema ni upepo mbaya tu, hawezi kupanga foleni na wagonjwa. Mama anataka tumkande na mawese. Nifanyeje?

Bi_Nesi: Mwanangu hicho ni kiharusi, kimepita tu. Damu iliganda ikaziba mshipa wa ubongo halafu ukazibuka wenyewe. Hiko kupona haraka ndo kunadanganya watu, kile kikubwa kinaweza kufuata, na hatari ni kubwa zaidi siku mbili za mwanzo. Hospitali ya Maweni leo leo, usingoje Jumatatu. Na usimpe asprini ya dukani, kuna kiharusi cha kuziba na cha mshipa kupasuka, kwa macho huvijui mpaka apigwe picha ya kichwa.

Mhaya_wa_Mwanga: Mnatisha watu bure, mimi mkono unakufa ganzi kila nikiulalia

Kasulu_Yetu: Ya kuulalia haipindishi mdomo bro. Mkuu mwambie acheke, anyanyue mikono yote miwili, aseme "Kigoma mwisho wa reli", kimojawapo kikigoma hapo hapo ita usafiri na uangalie saa ilianza saa ngapi maana wataiuliza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ni ndani ya masaa manne na nusu tangu ianze, na si kila hospitali inayo. Sisi mama yetu tulisema katupiwa jini, siku 3 tunafukiza ubani, kumbe presha na hakuwahi hata kuumwa kichwa. Mpaka leo kanga anafungwa na mjukuu.

Mwana_Ujiji: Wakuu tumerudi, yaani mimi ndo nimerudi, mzee kalazwa. Nilimdanganya tunaenda kupima presha tu. 188 kwa 112! nesi akarudia mkono wa pili, ile ile. Hajawahi kupimwa maisha yake yote na bado anadai ni upepo 😅 Wakanipima na mimi, 148 kwa 96. Nina miaka 34. Hiyo ni ya dawa tayari?

Bi_Nesi: Mmh, una mgonjwa wodini na hujalala, ya leo inaweza kuwa imepanda kwa hofu. Pima tena siku nyingine mbili tatu umekaa umetulia, ikirudi 140 kwa 90 kwenda juu uonane na daktari. Chumvi punguza kuanzia leo, na ile migebuka ya chumvi uiroweke kwanza. Baba anakula mwenyewe?

Mwana_Ujiji: Anakula, na anaulizia kahawa