Mrejesho: wale bundi wa kwenye sanduku

Wakuu, mwaka jana niliuliza kwa nini bundi wenye uso mweupe hawalisogelei sanduku nililowatundikia. Mkanishauri nilihamishe, mlango usielekee njia. Nikahamisha. Mwaka huu wametaga mayai 5, yakaanguliwa 4! Nilishtuka kuona kinda mmoja ni mara mbili ya mdogo wake. Kumbe jike huanza kuatamia yai la kwanza huku mengine akiyataga kila baada ya siku 2 au 3. Yule mdogo, ambaye nilishamkatia tamaa, karuka wa mwisho. Chini wameniachia matonge ya manyoya na mifupa ya panya.

Kwa ndege wengine hapa kwangu: mbayuwayu walirudi, kiota chao kikaporomoka. Hudihudi nilimwona mara moja tu, akidonoa ardhini, kishungi kimelala.