Wameniambia ninunue ruta mpya, kumbe ruta haikuwa na kosa lolote!

Jamani, nina hasira na sitaki kuzificha. Siku tisa nimelipia intaneti hapa nyumbani Chake Chake, na laptopu haikufungua hata ukurasa mmoja. Kila niliyemwendea alinipa jibu kabla hajaniuliza kitu.

Mimi ni mwalimu wa skuli. Maksi na ripoti za wanafunzi namalizia nyumbani usiku. Laptopu ilikuwa na mfumo wa Windows 10, na msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, nikaona bora nipandishe Windows 11. Ilishusha usiku kucha. Asubuhi ikawaka vizuri, alama ya Wi-Fi imejaa, lakini chini imeandikwa hakuna intaneti.

Nikapiga simu kwa kampuni inayonipa intaneti. "Mama, zima ruta, subiri kidogo, washa." Nimezima, nimewasha. "Bando limekwisha." Halijakwisha! Simu yangu iko kwenye Wi-Fi hiyo hiyo na inafungua kila kitu. Nimemwambia hivyo mara tatu. Ruta moja, simu inapata, laptopu haipati. Mtu kazi yake ni kupokea simu za wateja wa intaneti, haoni hapo kwamba ruta na laini ni nzima? Siku ya tatu mwenzake akaniambia ruta yangu ya zamani haikubali mfumo mpya, niende dukani kwao nikanunue nyingine. Nikaenda. Shilingi 95,000. Nimeifunga, hali ile ile.

Nikaipeleka laptopu kwa fundi hapa mjini. Hakuiangalia hata dakika tano, akasema kadi ya Wi-Fi imekufa, na kama siamini niipeleke Unguja. Unguja! Sisi wa Pemba tumegeuziwa hiyo kuwa dawa ya kila maradhi. Niteremke Mkoani, nipande boti, nilale kwa watu, nirudi, na huku madarasa nimemwachia nani? Na kama kadi ya Wi-Fi imekufa, mbona nilipochomeka waya kutoka kwenye ruta mpaka kwenye laptopu intaneti ilikataa vile vile? Nilimuuliza. Alinyamaza.

Aliyenitoa ni mpwa wangu anayesoma chuo, tena kwa simu tu. Alianza kwa kuuliza, ndio maana akaona. Akanifungulisha kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, nikaandika ipconfig, amri ya kuonyesha anwani ya laptopu kwenye mtandao, nikamsomea namba: inaanza na 169.254. Akasema hapo hapo, "Mama mdogo, hiyo laptopu haijapewa anwani na ruta, imejipa yenyewe." Kisha akaniwashisha laptopu katika ile hali salama yenye mtandao, ambayo programu za ziada haziwaki. Intaneti ikaja! Basi mkosa ni programu. Ilikuwa antivairasi, programu ya kuzuia virusi, ya zamani niliyowekewa dukani siku niliyonunua laptopu, muda wake umeshapita, na baada ya mfumo kupanda imebaki imekaa katikati inazuia njia. Tukaiondoa. Tukafungua tena kile kidirisha kwa ruhusa ya msimamizi, nikaandika netsh winsock reset, halafu netsh int ip reset, amri za kurudisha mipangilio ya mtandao ilivyokuwa mwanzo, nikazima na kuwasha. Namba ikageuka 192.168, yaani sasa imepewa na ruta, na ripoti zangu zikaondoka usiku ule ule. Windows ina kinga yake ndani, kwa hiyo sikubaki wazi.

Kazi yote haikufika saa moja, na haikutaka hata shilingi. Nilichokosa siku zote tisa ni mtu wa kuniuliza, "Simu inapata? Waya je? Namba gani inaonekana?"

Kama yamekukuta baada ya kupandisha mfumo, usinunue kitu wala usikubali laptopu ifomatiwe, yaani ifutwe kila kitu, mpaka ujaribu kifaa kingine kwenye Wi-Fi hiyo hiyo.

Sasa nataka pesa yangu. Ruta ya pili iko kwenye boksi lake, risiti ninayo, na jana dukani wameniambia kitu kikishafunguliwa hakirudi. Walionishauri nikinunue ni wao. Jumatatu nikitoka skuli narudi pale, na safari hii nataka kuonana na msimamizi wao. Kuna aliyewahi kurudishiwa pesa na watu hawa hapa Pemba? Ulipitia wapi?