Dar – Dubai – Guangzhou: pawabenki 2, betri za drili na betri za simu za dukani, zipi zinapita?

Mzigo_Msimbazi
Wakuu, salaam. Safari ni Dar – Dubai – Guangzhou kwa Emirates, halafu ndege ya ndani hadi Yiwu. Vyenye betri ni laptopu 1, simu 2, pawabenki ya 20,000 mAh, nyingine ya 30,000 mAh, na drili yenye betri 2 zilizoandikwa 20V 5Ah. Kurudi kutakuwa na betri za simu kama 60 za duka la ufundi. Kipi kikae mkononi, kipi kiende begi la chini, kipi kiachwe?

Fundi_Seli
Mkuu, achana na mAh. Mkaguzi anatafuta wati-saa, yaani Wh. Chukua mAh, gawa kwa 1,000, zidisha kwa volti. Volti yenyewe ni 3.7 ya seli za ndani, siyo 5 ya tundu la USB. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Geuza pawabenki yako usome maandishi madogo ya nyuma. Mara nyingi utakuta mstari kama "20,000 mAh 3.7V 74Wh", na chini yake "12,000 mAh 5V". Huo wa chini ni umeme unaokufikia baada ya kupandishwa hadi volti 5 na sehemu nyingine kupotea kama joto. Usiuhesabu. Ya kwako ya 20,000 ni 74 Wh, inapita. Ya 30,000 ni 111 Wh. Mpaka wa kupita bila kuomba ni 100. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege, na hata ukipewa hazizidi 2. Juu ya 160 abiria hasafiri nayo, iwe mkononi au chini.

Drili sasa. Ile 20V ni kipimo cha betri ikiwa imejaa pomoni. Ndani kuna seli 5 za 3.6V zilizofuatana, kwa hiyo ni 18V, mara 5Ah ni 90 Wh. Mtu akihesabu kwa 20 anapata 100 kamili na ubishi unaanza, basi hakikisha lebo ya Wh inasomeka. Drili na keke zake ziende begi la chini, betri zichomolewe zikae nawe. Funika miguu ya shaba kwa selotepu, kila betri na mfuko wake. Funguo au sarafu ikigusa miguu miwili kwa pamoja ni shoti tayari.

Geti_la_Mwisho
Fundi amemaliza hesabu, ila hiyo ya 30,000 iache nyumbani. Kanuni za kimataifa ni za chini kabisa, na shirika la ndege likikaza zaidi, lake ndilo linalofuatwa. Emirates tangu tarehe 1 Oktoba 2025 wanaruhusu pawabenki 1 tu kwa abiria, isiyofika 100 Wh. Huruhusiwi kuchajia simu wala kuichaji yenyewe ndani ya ndege, na haiwekwi kwenye kabati la juu. Inakaa mfuko wa kiti cha mbele au chini ya kiti.

Kisha Yiwu. Tangu tarehe 28 Juni 2025, ndege za ndani za China hazipokei pawabenki isiyo na alama ya 3C (alama ya lazima ya usalama ya China), au yenye alama isiyosomeka, au ya toleo lililorudishwa kiwandani. Angalia alama hiyo ukiwa bado Kariakoo. Kama yako haina, utaiacha kwenye ukaguzi hata kama ni 74 Wh.

Na jambo moja linalosahaulika sana: kabati likijaa, begi lako la mkononi huchukuliwa mlangoni likashushwa chini. Kabla hujaliachia, toa pawabenki na betri zote za akiba. Ziweke tangu mwanzo kwenye kipochi kimoja kinachochomoka kwa mkono mmoja.

Mzigo_Msimbazi
Asanteni sana. Kwa nini chini ni hatari kuliko juu, wakati moto ni moto? Na zile 60?

Fundi_Seli
Kwa sababu ya namna seli inavyoungua. Ikipata shoti ndani, joto lake huvunja kemikali zake, zinatoa gesi inayowaka na joto zaidi, halafu seli ya jirani inafuata. Gesi ya haloni iliyoko kwenye buti la ndege inazima miali lakini haipoozi seli, kwa hiyo inaweza kuwaka upya. Juu, mhudumu anazima miali kisha anaimwagia maji mpaka ipoe. Ndiyo maana pia simu ikidondoka katikati ya viti usisogeze kiti, mwite mhudumu. Kiti kinaikunja, na betri iliyokunjwa ndiyo inayolipuka.

Hizo 60 ni biashara. Ruhusa ya abiria ni kwa vitu vya matumizi yake binafsi, na betri za akiba hazizidi 20 bila idhini ya shirika. Kila moja ni kama 19 Wh tu (5,000 mAh kwa 3.85V), lakini udogo hauzisaidii. Ganda lake ni karatasi laini ya alumini, ukizibana kwenye begi zinatoboka.

Zipeleke kwa wakala wa mizigo anayepokea bidhaa hatari. Betri zenyewe, zisizo ndani ya kifaa, zinaandikwa UN3480 (namba ya kimataifa ya bidhaa hatari), na tangu tarehe 1 Aprili 2016 hazipandi ndege ya abiria kama shehena. Zinakwenda kwa ndege ya mizigo zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30, au kwa meli. Zilizomo ndani ya simu ni UN3481, zina masharti yake. Wakala akikuambia aandike "vipuri vya simu" ili zipite, tafuta mwingine.