Mrejesho: Nilivyojifunza kupanga riwaya kwa kuchambua hadithi za wengine

Mtakumbuka niliuliza jinsi ya kuandaa mpango wa riwaya, kwa kuwa rasimu zangu mbili zilikuwa zimekwama katikati, na wengi mkanishauri nichambue kwanza riwaya iliyokwisha kuandikwa. Nilichagua riwaya fupi ninayoipenda, nikaisoma upya nikiwa na daftari, na kwa kila sura nikaandika sentensi moja tu: mhusika anataka nini, nani anamzuia, na sura inapokwisha ni jambo gani limebadilika. Kilichonishangaza ni sura ya 4, ambamo barua inatajwa kwa mstari mmoja kana kwamba ni jambo la kupita, kumbe ndiyo inayofumbua fundo lote katika sura ya 19. Nami nilikuwa nimeisoma riwaya hiyo mara tatu bila kulitilia maanani. Nilipoipima rasimu yangu kwa kipimo hicho, niligundua sura tano mfululizo ambamo mhusika wangu anatendewa tu, hatendi. Nimeziunganisha zikawa mbili. Mwisho wa hadithi bado sijaupanga, na kwa kweli sina haraka nao.