Naomba ushauri: simbilisi wangu mzee ana jiwe kwenye kibofu

Ndugu wafugaji, naomba ushauri kuhusu simbilisi wangu jike mwenye umri wa miaka 7, umri mkubwa kwa mnyama ambaye kwa kawaida huishi miaka 5 hadi 8. Picha ya eksirei imeonyesha jiwe kwenye kibofu. Anakojoa damu, analia kwa maumivu, na uzito wake unazidi kupungua.

Daktari wa mifugo anasema upasuaji unawezekana, lakini nusukaputi ni hatari kwa mnyama mdogo, mzee na aliyedhoofika hivi, na hata akipona jiwe huweza kurudi. Njia nyingine ni dawa za maumivu pamoja na kumlisha kwa bomba la sindano, kwa kuwa simbilisi asipokula hata siku moja utumbo wake huweza kuacha kufanya kazi. Au kumpumzisha, yaani daktari amuue bila maumivu, jambo ambalo watoto wangu hawataki kulisikia. Mimi naelekea kuona kwamba kumwongezea mateso si kumpenda, ila bado anakuja kula pilipili hoho mkononi mwangu, na hilo linanifanya nisite.

Mliowahi kumfanyia upasuaji simbilisi wa umri huu, aliendeleaje baadaye? Nanyi mliochagua kumpumzisha, ni dalili zipi ziliwaonyesha kwamba wakati umefika?