Mota ya lethi inavuma tu, haizunguki. Nikubali koili zake zisukwe upya?

Bushi_na_Shafti
Habari zenu wakuu. Nina karakana ndogo hapa Kariobangi Light Industries, kazi yangu ni bushi, pini na shafti za mashine za posho. Lethi, yaani mashine ya kukereza chuma, ni ya zamani, mota yake ya fezi tatu, kibao kinasema 2.2 kW, 400 V, 4.9 A. Jumatatu asubuhi nimeinua wenzo iende mbele, mota ikavuma mmmmm, chaki (kile kishikio kinachozungusha chuma) ikatikisika kidogo basi. Nikazima baada ya sekunde tano hivi. Nikajaribu tena, yale yale. Mara ya tatu nikaisukuma chaki kwa mkono, ikashika, ikazunguka, lakini nikiingiza kisu kidogo tu inalegea. Sasa inanuka vanishi ya koili.

Stima nimepima kwenye swichi kubwa ya ukutani: 410, 412, 409. Fundi wa kusuka mota amekuja, anasema koili moja imekufa, anataka elfu tisa na siku nne. Nina oda ya bushi arobaini na mwenyewe anapiga simu kila saa. Nimpe?

Kijana_wa_Spana
Badilisha kapasita boss. Yangu ilikuwa hivyo hivyo, nikachukua nyingine mtaa wa Luthuli, ikakubali.

MzeeWaStima
Kijana, hiyo yako ni ya fezi moja. Mota ya fezi tatu haina kapasita, utamtuma mwenzio Luthuli bure.

Mwenye lethi, kwanza usiguse tena hiyo chaki stima ikiwa ndani. Mota iliyokosa fezi haina nguvu ya kujianzisha, haijui iende upande gani. Ukiisukuma inafuata mkono wako, na ikishika mkono wa ovaroli haikuachi. Nimewahi kuokota kidole cha mtu kwenye sinia ya chipsi za chuma, tuyaache.

Dalili zako ni za fezi moja kupotea. Ukutani zimefika zote tatu, sawa, lakini kutoka pale mpaka kwenye mota kuna fyuzi, kontakta (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme), ovalodi (kinga ya kukata stima mota ikizidiwa) na waya. Huyo fundi alipima nini mpaka akajua koili imekufa?

Bushi_na_Shafti
Hakupima mzee. Alinusa.

MzeeWaStima
Haya. Hata mimi ningenusa vanishi ungenipa mota inayovuma na fezi mbili.

Vua belti, mota ibaki peke yake. Ijaribu mbele, kisha rivasi. Lethi yako ikiwa na kontakta mbili, moja ya mbele na moja ya rivasi, jibu utalipata hapo kabla ya kushika mita.

Dada_Multimita
Naongezea. Zima ukutani, hakikisha kwa mita kwamba imekufa kweli, kisha chomoa waya za mota upime omu kati ya koili. Zote tatu zifanane. Halafu kila koili na bodi, kwa mita ya insulesheni ya volti 500: ikisoma chini ya megaomu moja, hapo ndipo tuanze kuongea habari ya kusuka.

Bushi_na_Shafti
Wakuu, mbele inavuma. Rivasi INAENDA, tena laini kabisa! Sikuwahi kujua kwa sababu rivasi huwa siitumii, chaki yangu ni ya nyuzi, naogopa itajifungua. Omu ni 5.8, 5.8, 5.9. Megaomu zimepita mia.

MzeeWaStima
Basi mota yako ni nzima na stima ni nzima. Rivasi inatumia ukuta ule ule, ovalodi ile ile, mota ile ile. Kilichobadilika ni kontakta tu. Pima kwenye kutoka kwa kontakta ya mbele ikiwa imevuta. Haraka haraka, mota isikae ikivuma.

Bushi_na_Shafti
411, 204, 207.

Dada_Multimita
Hiyo ndiyo sura yake. Mguu usio na fezi unaning'inia katikati ya zile mbili kupitia koili za mota, ndiyo maana unasoma nusu badala ya sufuri. Wengi hudanganywa na hizo mia mbili, wanadhani ni stima ndogo.

Bushi_na_Shafti
Nimezima nikaifungua. Vidonge viwili vya fedha vina weusi kidogo tu, cha tatu kimeliwa mpaka kwenye shaba na plastiki ya kando imeyeyuka kama nta. Nisugue na msasa nimalize oda?

MzeeWaStima
Msasa utakupa siku mbili. Weka kontakta mpya, na usome volti za koili ya hiyo kontakta kabla ya kulipa.

Na ovalodi imewekwa ampea ngapi?

Bushi_na_Shafti
Tisa. Nilikuta hivyo.

MzeeWaStima
Kuna mtu aliipandisha ili isimsumbue. Irudishe kwenye 4.9 ya kibao, hata wewe ukichukia.

Bushi_na_Shafti
Shukrani mzee, shukrani dada. River Road walinipa yenye koili ya 220, na ya zamani imeandikwa 415. Nikairudisha kabla sijaiunguza. Sasa nimefunga ya 415, lethi inashika mara moja, bushi kumi na mbili tayari ziko mezani. Fundi amenipigia asubuhi kuuliza mota naileta saa ngapi.