Shirika la dini linaloongozwa na mwanzilishi peke yake: tukague nini kabla ya kuchangia?

Mhazini Msaidizi
Wakuu, habari zenu. Kamati yetu imeombwa kuidhinisha mchango wa kila mwaka kwa shirika linalotetea waumini wanaoteswa kwa ajili ya imani. Mwanzilishi ndiye mkurugenzi na ndiye mwenyekiti wa bodi. Mkewe anashika fedha. Ripoti ina picha nyingi na idadi ya "familia zilizookolewa", lakini hesabu zote ni duara moja la rangi. Tukiuliza zaidi tunaambiwa ni siri, kwa usalama wa walengwa. Tuanzie wapi?

Hesabu_Wazi
Ombeni hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu mfululizo, pamoja na maelezo yanayoambatana nazo. Someni kwanza maoni ya mkaguzi: ni hati safi au yenye shaka, na shaka yenyewe ni ya nini? Hakikisheni pia kwamba ni ukaguzi kweli. Kuna taarifa ambazo mhasibu ameziandaa tu kutokana na alichopewa, naye husema humo kwamba hatoi maoni yoyote.

Kisha nendeni kwenye maelezo ya miamala na watu wa karibu na viongozi: nyumba ya mwanzilishi iliyopangishwa kwa shirika, mkopo kwa mwanawe, vitabu vyake vilivyonunuliwa kwa fedha za wafadhili huku mrabaha ukimwendea yeye. Hili la vitabu huwapita wengi kwa sababu huandikwa kama gharama ya huduma.

Fedha zilizotolewa kwa kazi maalumu ziwe na jedwali lake: baki la mwanzo, zilizoingia, zilizotumika, baki la mwisho. Baki la kufungia mwaka lisipolingana na la kufungulia mwaka unaofuata, msiendelee hadi mpate jibu.

Kama limesajiliwa Marekani, tafuteni Fomu 990, yaani taarifa ya kila mwaka ambayo mashirika yaliyosamehewa kodi hupeleka kwa mamlaka ya kodi ya huko. Sehemu ya VII inaonyesha malipo ya viongozi, na Jedwali L miamala yao na shirika. Makanisa hayalazimiki kuijaza, kwa hiyo fomu zikikoma ghafla, ulizeni kama shirika sasa linahesabiwa kuwa kanisa.

Mjumbe wa Bodi
Hesabu safi hazitoshi. Hazikuambii kama bodi ina ubavu wa kumkatalia mwanzilishi. Mfano ni RZIM, shirika la mhubiri Ravi Zacharias. Uchunguzi ulioagizwa na shirika lenyewe, ukachapishwa Februari 2021 baada ya kifo chake, ulithibitisha unyanyasaji wa kingono wa miaka mingi. Ulionyesha pia kwamba sehemu kubwa ya fedha zilizotumwa kutoka mfuko wa Touch of Hope, uliotajwa kuwa wa misaada ya kibinadamu, iliwanufaisha wanawake wanne waliowahi kuwa wakandaji wake. Mfuko ambao mtu mmoja huamua nani apewe ndio wa kuuliziwa kabla ya mingine yote.

Ulizeni wajumbe wangapi si ndugu wala waajiriwa wake, nani alipanga mshahara wake, na kama alitoka kikaoni wakati unajadiliwa. Malipo yawe na sahihi mbili za watu wasio wa nyumba moja. Ulizeni pia tovuti, kurasa za mitandao na orodha ya wafadhili viko kwa jina la nani. Vikiwa vyake, bodi haiwezi kumwondoa bila kupoteza shirika zima.

Wakili wa Waumini
Nikazie hapo kwenye siri, maana hoja yao ina ukweli: jina au picha ya kijiji inaweza kumpeleka mtu gerezani. Lakini siri hiyo ni ya walengwa. Mishahara na majina ya wajumbe haviingii humo, isipokuwa mjumbe anaishi kwenye hatari hiyo hiyo. Kila kesi ipewe namba, faili lenye majina lishikwe na watu wawili, na mkaguzi achague mwenyewe sampuli na kuona uthibitisho wa malipo akiwa amefungwa na mkataba wa usiri.

Waulizeni "kuokolewa" maana yake nini. Familia iliyopata wakili, chakula na nauli inaweza kuhesabiwa mara tatu.

Mhazini Msaidizi
Asanteni sana. Wamekubali kutuma hesabu za mwaka mmoja, bila maelezo.

Hesabu_Wazi
Maelezo ni sehemu ya hesabu, na maoni ya mkaguzi yanayahusu pia. Anayeyaondoa amewapa nusu. Waandikieni rasmi, wapeni siku 30, na msitoe fedha kabla ya hapo.